Upatanisho wa Kisarufi katika Majukwaa ya Kutunga Programu Huria: Mfano wa Jumbe za Kiswahili

Ikisiri
Makala hii inaeleza jinsi majukwaa ya mtandaoni ya kushirikiana kutunga programu huria yanavyofanya kazi, na athari za utaratibu huo kwa upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba jumbe nyingi hukosa upatanisho kwa sababu mfasiri hupewa kiolezo kisicho na nomino. Hata hivyo, kwa kuwa programu ni huria, kiolezo chenyewe kinaweza kurekebishwa.

1.0 Utangulizi
Katika maduka ya simu ya Mwanjelwa, jijini Mbeya, Kiswahili ndicho kiunganishi cha watu ambao nyumbani huzungumza Kinyakyusa, Kisafwa, Kindali na lugha nyinginezo. Fundi humwambia mteja kuwa ujumbe umetumwa au picha zimefutwa bila kuwazia ngeli. Katika programu zilizofasiriwa, hata hivyo, mtu huyohuyo anaweza kukutana na sentensi kama *Ujumbe imefutwa au *Kiungo imehifadhiwa. Ni rahisi kulaumu uzembe wa mfasiri. Tunavyoona sisi, kosa la aina hii mara nyingi huanzia kwenye muundo wa kazi anayokabidhiwa.

2.0 Utaratibu wa Majukwaa
Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi kusomwa, kurekebishwa na kusambazwa na yeyote. Tangu Git ilipotungwa mwaka 2005 na GitHub kuanzishwa mwaka 2008, kazi hiyo imekuwa na utaratibu unaofahamika. Mchangiaji hunakili msimbo, hurekebisha nakala yake, kisha huomba marekebisho hayo yaingizwe katika programu. Wasimamizi huyajadili hadharani, wakayakubali au wakayakataa. Kila badiliko huhifadhiwa pamoja na tarehe, jina la aliyelileta na maelezo yake.

Tafsiri hufuata njia inayokaribiana na hiyo. Maneno anayoyaona mtumiaji hutengwa na msimbo, hugawanywa vipandevipande, kisha huwekwa katika majukwaa kama Weblate, Pontoon au translatewiki.net. Kiswahili kina historia katika kazi hii: mradi wa Kilinux, uliowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004.

3.0 Kiolezo Kisicho na Nomino
Tuchukue ujumbe wa kawaida, ambapo $1 ni nafasi itakayojazwa na mashine:

(1) $1 imefutwa.

Kwa Kiingereza kitenzi hakibadiliki, nafasi hiyo ijazwe kwa nomino yoyote ya umoja. Kwa Kiswahili kiambishi awali cha kitenzi hutawaliwa na nomino ambayo mfasiri haioni:

(2) a. Ukurasa umefutwa.
    b. Kiungo kimefutwa.
    c. Picha imefutwa.
    d. Mtumiaji amefutwa.

Sentensi (1) inaafiki (2c) tu. Programu ya MediaWiki, inayoendesha Wikipedia, ina nyenzo za kubadili ujumbe kulingana na idadi na jinsia. Nyenzo ya jinsia haina kazi katika kitenzi cha Kiswahili. Ile ya idadi hutatua nusu ya tatizo: inaweza kuchagua kati ya umoja na wingi, lakini haijui iwapo wingi huo ni zi-, vi-, ya- au wa-.

4.0 Njia za Utatuzi
Njia ya kwanza ni kukwepa: Kilichofutwa: $1. Kiambishi ki- husimamia “kitu”, kwa hiyo muundo huu hufaa kwa vitu vingi, lakini haufai kwa watu.

Njia ya pili ni kumrudishia mfasiri nomino. Katika translatewiki.net kila ujumbe una nafasi ya maelezo, yenye alama ya qqq, inayoeleza matumizi yake. Maelezo yakionesha kuwa $1 daima ni jina la ukurasa, mfasiri aandike Ukurasa “$1” umefutwa. Nomino aliyoiongeza ndiyo itakayotawala kitenzi, jina lolote litakalofuata.

Njia ya tatu ndiyo yenye nguvu zaidi. Ikiwa $1 yaweza kuwa ukurasa, picha au mtumiaji, tafsiri moja haitoshi. Hapo mfasiri huwasilisha hoja kwa watunzi wa msimbo, akiomba ujumbe ugawanywe kwa kila aina ya kitu. Ombi hilo likikubaliwa, lugha nyingine za Kibantu zenye upatanisho wa ngeli hufaidika pia. Katika programu isiyo huria, mara nyingi mfasiri hana mlango wa kulipitishia ombi hilo hadi kwenye msimbo.

5.0 Hitimisho
Mijadala yetu kuhusu lugha ya kompyuta imeelemea mno kwenye istilahi: tarakilishi au kompyuta, nywila au nenosiri. Istilahi sanifu haiokoi sentensi iliyokosa upatanisho. Maarifa ya ngeli yaliyojaa katika tasnifu zetu hayatawafikia watunzi wa programu yasipoandikwa mahali wanapofanyia kazi. Mwanafunzi wa uzamili aliyeko Mbeya au Iringa anaweza kuchukua programu moja huria, kukusanya jumbe zake zenye nafasi wazi, kuziainisha kwa ngeli zinazoweza kuzijaza, na kuwasilisha hoja zake jukwaani pamoja na mifano. Kazi hiyo ni utafiti wa sarufi kamili, na matokeo yake yatasomwa kwenye kioo cha simu.