Mchezaji wa Tatu wa Misri

Mei 2024, jijini Cairo, Diego Elias wa Peru alimshinda Mostafa Asal wa Misri kwenye fainali na kuwa bingwa wa dunia wa skwoshi. Desemba mwaka huohuo, huko Hong Kong, timu ya wanaume ya Misri ikanyakua ubingwa wa dunia wa timu, taji ambalo Peru haijawahi kulitwaa. Aliyezoea kuhesabu nguvu ya nchi kwa nyota wake atashangaa.

Jibu limo katika kanuni za mashindano ya timu. Kila nchi huleta wachezaji wanne, na katika kila pambano hushuka watatu, wakipangwa kwa ubora: wa kwanza hukutana na wa kwanza, wa pili na wa pili, wa tatu na wa tatu. Anayeshinda seti tatu amechukua mechi, na nchi inayoshinda mechi mbili imechukua pambano. Nyota mmoja, hata awe hana mpinzani duniani, huiletea timu yake mechi moja tu.

Ndiyo maana tangu mashindano haya yaanze mwaka 1967, ubingwa umekuwa wa Australia, Pakistan, Uingereza na Misri peke yao.

Skwoshi ililetwa Misri na Waingereza, ikachezwa katika klabu zao kama Gezira, Cairo. Miaka ya 1930 Mmisri F. D. Amr Bey alitwaa mara sita British Open, mashindano yaliyoheshimiwa kuliko yote wakati huo. Lakini wimbi la sasa lilianza 1996, kilipojengwa kiwanja cha kuta za vioo mbele ya piramidi za Giza na kijana Ahmed Barada akafika fainali dhidi ya Jansher Khan wa Pakistan. Watoto wengi wakataka raketi. Miaka mitatu baadaye, Misri ilitwaa ubingwa wake wa kwanza wa timu, Cairo, kwa kuifunga Wales. Kikosini alikuwamo Amr Shabana, mwenye umri wa miaka 20, ambaye mwaka 2003 alikuwa Mmisri wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa wanaume.

Wengi wa wachezaji bora wamekulia katika klabu za miji miwili, Cairo na Alexandria. Chipukizi hufanya mazoezi jirani na mabingwa, huwatazama wakiudondosha mpira taratibu kwenye kona za mbele, juu kidogo tu ya bati lililo chini ya ukuta wa mbele, kisha hujaribu mwenyewe. Ushindani wa kupata nafasi ya tatu au ya nne katika timu ya taifa huwa mkali kuliko mechi nyingi za kimataifa.

Kina hicho cha vipaji kilipimwa mwaka 2022, Mohamed ElShorbagy, bingwa wa dunia wa 2017 na mzaliwa wa Alexandria, alipohamia timu ya Uingereza. Timu nyingi zingeyumba kwa kumpoteza mtu wa namna hiyo. Mwaka uliofuata, Tauranga, New Zealand, Misri iliifunga Uingereza hiyohiyo kwenye fainali.

Skwoshi itaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Los Angeles mwaka 2028, lakini kwa mchezaji mmoja mmoja tu. Ni hasara kwa watazamaji wapya: wataona vipaji vya Misri, ila hawatamwona mchezaji wake wa tatu akiamua pambano la nchi nzima.