Mkulima wa Mlimani na Mvua ya Msimu Mmoja

Msomaji wa Biblia aliyekulia Pwani akikutana na mvua ya kwanza na mvua ya mwisho katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 11, hudhani Waisraeli walikuwa na misimu miwili ya mvua. Mkulima wa Matiri, wilayani Mbinga, ataelewa upesi zaidi, maana Israeli ni nchi ya msimu mmoja kama kwake. Kule mvua huanza kunyesha Oktoba na kukatika Aprili au Mei mwanzoni, kisha kiangazi kikavu kabisa. Mvua ya kwanza ililainisha ardhi ili ng'ombe waweze kulima. Ile ya mwisho, ya Machi na Aprili, ilijaza punje za shayiri na ngano. Moja ikikosekana, njaa ilibisha hodi. Misri ilikuwa na mto wake. Milima ya Kanaani ilingoja mawingu.

Lakini mlimani kupata mvua ni nusu tu ya kazi. Mvua kubwa ikikuta udongo umelegea, huondoka nao. Kwenye milima ya Yudea wakulima walijenga kuta za mawe kukinga mteremko, wakachimba mabirika kwenye miamba ili wawe na maji ya kiangazi. Wamatengo, wakulima wa milima ya Mbinga, walitatua jambo hilohilo kwa nyasi.

Kilimo chao ni ngoro. Mwezi wa Machi, mvua ikiwa bado ipo, wanaume hufyeka nyasi na kuziacha zikauke. Nyasi hizo hulazwa kwa mistari inayokatizana, shamba likawa kama wavu wa miraba. Hapo wanawake huingia na majembe: huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya nyasi. Hubaki shimo lenye upana wa mita moja na nusu hivi, limezungukwa na matuta pande zote nne. Maharage hupandwa juu ya matuta. Mahindi hufuata baadaye, mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza.

Mvua ikipiga, maji hutuama shimoni na kuzama taratibu badala ya kuporomoka bondeni. Udongo uliochukuliwa na maji huishia shimoni humohumo, pamoja na magugu yaliyopaliliwa. Nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea. Wamatengo walibanana milimani katika karne ya 19 wakikimbia mashambulizi ya Wangoni, na ardhi finyu ikawalazimu kuitunza. Kwangu mimi, huu ni uhandisi unaostahili kufundishwa shuleni kabla ya matuta ya nchi nyingine yoyote.

Gharama yake ni jasho, na sehemu kubwa ni jasho la wanawake. Atakayebuni namna ya kuwapunguzia mzigo huo bila kuvunja mashimo ataisaidia Mbinga kuliko atakayeleta mbegu mpya peke yake.