Kupima Wizi wa Maandishi: Daftari Lisilofutika na Lugha Yenye Viambishi

Kupima kikapu cha zabibu sokoni Dodoma ni kazi ya mizani, wala hapana anayebishana na mizani iliyo sawa. Kupima ni sehemu gani ya makala iliyotoka kichwani mwa mwandishi na ni sehemu gani aliyoinakili kwa mwingine ni kazi ngumu zaidi. Hata hivyo kipimo cha namna hiyo hutumika vyuoni, na hutumika pia katika mitandao ya kijamii iliyojengwa juu ya blokucheni, ambako makala huweza kumletea mwandishi fedha. Yafaa basi walimu na wanafunzi waelewe kipimo hicho hupima nini hasa.

Blokucheni ni daftari linalotunzwa katika kompyuta nyingi kwa wakati mmoja. Kumbukumbu hukusanywa katika mafungu, na kila fungu hubeba alama ya fungu lililotangulia. Mtu akigeuza herufi moja ya zamani, alama zote zinazofuata hukataa kulingana. Wazo hili halikuanzia katika fedha. Mwaka 1991 Stuart Haber na Scott Stornetta, nchini Marekani, walieleza njia ya kuthibitisha kwamba hati ya kompyuta ilikuwapo siku fulani, na miaka michache baadaye alama za hati zikawa zinachapwa katika gazeti la New York Times. Gazeti likishasambazwa, nani atapita nyumba kwa nyumba kulifuta?

Mwaka 2016 ulianzishwa mtandao wa Steemit, uliohifadhi makala zake katika blokucheni iitwayo Steem. Wasomaji walipiga kura, na mwandishi akalipwa sarafu za mtandao kwa kadiri ya kura alizopata. Penye malipo wanakili hawakosi. Ikatungwa programu iliyoitwa Cheetah, ambayo kazi yake ilikuwa kulinganisha makala mpya na maandishi yaliyoko kwingineko katika intaneti, kisha kuwaonyesha wasomaji mahali penye maandishi yanayofanana. Hukumu ilibaki kwa binadamu, na kwa maoni yangu huo ulikuwa mpango wa busara.

Wako wanaodhani kwamba daftari lisilofutika humtambulisha mwenye mali. Sivyo. Tuseme mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma ameandika insha juu ya kilimo cha mtama huko Kongwa, akamwazima mwenzake. Mwenzake akaiingiza katika blokucheni siku ya Jumatatu. Mwenyewe akaiingiza Jumatano. Daftari litatamka kweli tupu, kwamba nakala ya mwizi ndiyo iliyotangulia, na kweli hiyo haitafutika kamwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 humpa mtunzi haki kwa sababu ametunga, hata kama hakuisajili kazi yake popote. Blokucheni haikumwona akitunga.

Alama zenyewe nazo hazitoshi. Alama ya hati hukokotolewa kwa kanuni ya hisabati, na herufi moja ikibadilika, alama yote hubadilika. Kwa hiyo hunasa nakala iliyo sawasawa tu. Mwizi akiongeza nukta amekwisha kuponyoka.

Ndiyo maana wataalamu hutumia njia nyingine. Mwaka 1997 Andrei Broder alieleza namna ya kuyakata maandishi katika vipande vya maneno machache yanayofuatana, kila kipande kikipandana na kinachofuata kama vigae vya paa. Kisha hutafutwa uwiano: idadi ya vipande vilivyomo katika maandishi yote mawili, kugawanywa kwa idadi ya vipande vyote vilivyo tofauti. Uwiano huo uliasisiwa na mtaalamu wa mimea wa Uswisi, Paul Jaccard, mwanzoni mwa karne ya 20, alipokuwa akilinganisha mimea ya sehemu mbalimbali za milima ya Alps.

Tuujaribu kwa Kiswahili. Sentensi ya kwanza: “Mkulima wa Dodoma hupanda zabibu kwa sababu mzabibu huvumilia ukame.” Ya pili: “Wakulima wa Dodoma wamepanda zabibu kwa sababu mizabibu huvumilia ukame.” Msomaji yeyote ataona kuwa ni sentensi ile ile. Kila moja ina maneno 10, yaani vipande 8 vya maneno matatu matatu. Tukivilinganisha, kipande kimoja tu hupatikana kote kuwili: “zabibu kwa sababu”. Vipande vyote vilivyo tofauti ni 8 + 8 − 1, yaani 15. Uwiano ni 1/15, takriban asilimia 7. Mwizi amebadili viambishi vitatu tu, na mashine imemwachia huru!

Dawa ni kuondoa viambishi kwanza. Mkulima na wakulima wote huwa “kulima”, hupanda na wamepanda huwa “panda”, mzabibu na mizabibu huwa “zabibu”. Hapo vipande vyote 8 hulingana, na uwiano hupanda hadi asilimia 100. Lakini dawa hii ina sumu yake. Mti na tunda lake sasa ni neno moja. Mtoto na utoto vivyo hivyo. Ukataji ukizidi, waandishi wawili wasiojuana huanza kufanana, na asiye na hatia huweza kushukiwa.

Aidha kuna maneno ambayo kila mtu huyaandika kwa mpangilio ule ule, kama Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, majina ya sheria, na manukuu yaliyotajwa mwandishi wake. Hayo huongeza asilimia bila wizi wowote. Kwa upande mwingine, aliyefasiri makala nzima kutoka Kiingereza huweza kupata sifuri.

Walimu wanaweza kulifanya jambo hili darasani bila kompyuta. Kila mwanafunzi aandike sentensi tano juu ya mvua za nyanda za kati, kisha jirani yake aziandike upya kwa kugeuza umoja kuwa wingi na wakati uliopo kuwa uliopita. Wakate vipande vya maneno matatu, wapige hesabu. Halafu warudie kwa vipande vya maneno mawili, na waone uwiano umebadilika kiasi gani.