Kichwa Kinaniuma: Kiswahili na Kiitaliano Katika Duka la Dawa

Mkazi wa Westlands, Nairobi, akiugua huulizia "kemisti". Akiwa Roma, neno hilo litampotosha: "chimico" ni mtaalamu wa kemia. Duka la dawa huitwa "farmacia", na aghalabu hutambulishwa kwa msalaba wa kijani. Swali lifaalo ni "Dov'è la farmacia più vicina?", yaani, duka la dawa la karibu liko wapi? Usiku huulizwa "farmacia di turno", duka lenye zamu.

Katika kueleza maumivu, hana haja ya kupitia Kiingereza. "Mi fa male la testa" ni "kichwa kinaniuma": katika lugha zote mbili, kiungo ndicho kiima, naye mgonjwa ni yambwa. Kiungo kikiwa katika wingi, kitenzi hufuata: "mi fanno male i denti", meno yananiuma.

Tofauti hujitokeza katika jinsia. "Nina mzio wa penisilini" husemwa na yeyote. Kwa Kiitaliano, mwanamume husema "sono allergico alla penicillina", mwanamke "sono allergica". Hata hivyo, kukosea kiishio si hatari. Hatari ni kunyamaza, kwani dawa isiyomfaa mgonjwa yaweza kumuua.