Hesi Isiyopata Oili

Miongoni mwa magari madogo ya spoti yaliyoundwa Uingereza baada ya Vita Vikuu vya Pili, Triumph Spitfire lilipendwa mno na watu wa kipato cha wastani, kwa kuwa lilikuwa jepesi, lenye paa la kukunjwa na umbo la kupendeza lililochorwa na Giovanni Michelotti wa Italia. Nalo liliuzwa tangu mwaka 1962 mpaka 1980. Jamala yake ingali ikivuta macho hata leo. Walakini chini ya bodi, pasipofikiwa na jicho la mpita njia, mna kipande cha chuma ambacho mwenye gari asipokimaizi hawezi kujihesabu salama.

Kipande hicho ni mguu unaoshika gurudumu la mbele. Katika magari mengi ya baadaye mguu huo hushikwa na boljointi juu na chini. Mafundi wa Triumph walitia boljointi juu tu, na ncha ya chini wakaichonga hesi na kuiingiza katika kikombe cha shaba chenye hesi ya kupokea, hata kila usukani unapozungushwa chuma huzunguka ndani ya shaba. Muundo huu Spitfire liliurithi kwa Triumph Herald la mwaka 1959, gari la familia lililosifiwa kwa kugeuka katika duara la futi 25 tu. Lotus Elan nalo, gari mashuhuri la Colin Chapman, lilitumia miguu hiyo hiyo, kwa hiyo aliyelinunua alinunua pamoja nalo haja ile ile ya uangalizi.

Haja yenyewe ni oili. Kitabu cha kiwanda kiliagiza oili nzito ya jamii itiwayo katika gia, ipigwe kwa bomba mpaka ipenye hesi yote. Lakini mafundi wengi, kwa mazoea ya kazi, wakapiga grisi, nayo grisi aghalabu huganda karibu na tundu iliyoingilia bila kufika inakotakiwa. Hapo maji, pamoja na chumvi inayomwagwa barabarani Ulaya wakati wa theluji, hupata njia. Kutu huanza kuila hesi pole pole, mahali palipofunikwa, mpaka siku moja mguu unakatika. Mara nyingi hukatika usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho na gari likienda taratibu, kama vile wakati wa kuegesha, na gurudumu hulala chini ya madigadi. Likitukia hilo katika barabara kuu, dereva hana tena uwezo wa kuliongoza gari.

Wako wasemao kwamba taksiri yote ni ya mwenye gari, maana aliambiwa atie oili. Siwezi kukubali hukumu hiyo kwa ukamilifu wake. Kifaa kilichobeba uhai wa watu, ambacho huweza kuoza bila kutoa dalili, hakistahili kuachwa kitegemee kumbukumbu ya fundi mmoja, na aliyekibuni ana fungu lake katika lawama.

Fungu hilo la mtengenezaji Marekani waliliingiza katika sheria: kitabu cha mwanasheria Ralph Nader cha mwaka 1965, ambacho mlango wake wa kwanza ulishutumu springi na ekseli za nyuma za Chevrolet Corvair, kilichangia kuzaa sheria iliyotiwa sahihi na Rais Lyndon Johnson mwaka 1966, ikiwalazimisha watengenezaji kuwaarifu wenye magari kila kasoro ya hatari ikigunduliwa. Na mwaka 1974 ikaongezwa sharti la kuitengeneza bure. Lakini haki hiyo ya bure ina muda: kwanza ilikuwa miaka 8, na sasa ni 15. Magari tunayoyazungumzia yameupita muda huo zamani, na jina la Triumph lilikoma kuwekwa juu ya gari jipya mwaka 1984. Barua ya kuyaita yarudi kutengenezwa haitakuja.

Uingereza nayo, tangu tarehe 20 Mei 2018, imeyasamehe ukaguzi wa kila mwaka magari mengi yaliyopita miaka 40, kwa hoja kwamba hutembea kidogo na hutunzwa vema. Nahofia hoja hiyo, kwa sababu gari linalokaa bandani majira mazima ndilo ambalo kutu hupata nafasi ya kulishughulikia.

Basi anayenunua gari la namna hii alipandishe juu, afungue kikombe, ausafishe mguu na kuutazama kwenye mashina ya hesi. Akiona vishimo vya kutu, abadili mguu wenyewe pia, si shaba peke yake. Tena awe na hadhari wakati wa kufunga: hesi ya kulia na ya kushoto hazifanani, na kikombe kikishakazwa mpaka mwisho sharti kirudishwe nyuma kidogo, ili usukani upate nafasi ya kuzunguka pande zote mbili, maana kikiachwa kimebana, hata chuma kipya huvunjika.