Jabu moja haitoshi: silaha isiyo na gharama kwa mabondia vijana wa Bukavu

Kijana anayefika mazoezini kwa mara ya kwanza, iwe Kadutu, Bagira au Ibanda, mara nyingi huja na ndoto moja: ngumi nzito ya mkono wa kulia itakayomlaza mpinzani chini. Kocha anayejua kazi yake humpunguza kasi mapema. Kwa wiki nzima, au hata mwezi, humtaka arudie jambo lile lile: anyooshe mkono wa mbele, aurudishe shavuni, aunyooshe tena.

Ngumi hiyo ya moja kwa moja ndiyo mabondia wanaiita jabu. Kwa anayesimama na mguu wa kushoto mbele, hupigwa kwa mkono wa kushoto. Kwa mashoto, ni mkono wa kulia. Ni nadra kumwangusha mtu. Lakini ndiyo ngumi inayosafiri njia fupi zaidi kwenda usoni mwa mpinzani na inayotumia nguvu kidogo zaidi. Ikipigwa vizuri, humwacha bondia akiwa bado amejikinga.

Tatizo ni kwamba wengi huipiga mara moja tu, kisha husimama kuangalia imefanya nini. Hapo ndipo hupigwa wao.

Somo la Kinshasa lililoeleweka nusu

Nchini Congo, mazungumzo ya ndondi hayapiti mbali bila kutajwa usiku wa Oktoba 30, 1974. Katika Uwanja wa 20 Mai mjini Kinshasa, Muhammad Ali, akiwa na umri wa miaka 32, alimkabili bingwa wa dunia George Foreman, aliyekuwa na miaka 25 na hajawahi kushindwa katika mapambano 40. Foreman alikuwa amewamaliza Joe Frazier na Ken Norton katika raundi mbili kila mmoja.

Kinachosimuliwa zaidi ni Ali kuegemea kamba, kupokea ngumi hadi Foreman akachoka, kisha kumwangusha katika raundi ya nane. Watoto waliozaliwa miongo kadhaa baadaye wanaijua hadithi hiyo, na baadhi yao huiga sehemu yake mbaya kuliko zote: kukubali kupigwa.

Kinachosahaulika ni kwamba Ali hakuwa akipokea tu. Kutoka kwenye kamba alikuwa akirusha ngumi za haraka na zilizonyooka usoni mwa Foreman, kushoto na kulia, raundi baada ya raundi, mpaka uso wa bingwa ukaanza kuvimba. Ngumi ya mwisho ilimkuta mtu aliyekwisha kuchoka.

Na bei ya kupokea ngumi ilikuja baadaye. Mwaka 1984 Ali alibainika kuwa na ugonjwa wa Parkinson, ambao wengi waliuhusisha na vipigo vya kichwa alivyopata katika miaka yake ya ulingoni. Alifariki Juni 3, 2016. Kijana anayetaka kumuiga Ali angefanya vyema kumuiga yule wa miaka ya 1960, aliyetembea kwa miguu myepesi, akapiga jabu mbili tatu, na kuondoka kabla hajajibiwa.

Kwa nini mbili au tatu

Jabu ya kwanza ina kazi ya kuuliza. Mpinzani yuko umbali gani? Anapoiona, anarudi nyuma, anainua mikono au anainamisha kichwa? Ikiwa bondia ataishia hapo, amepata jibu lakini hakulitumia.

Jabu ya pili ndiyo hutumia jibu hilo. Mpinzani aliyeinua mikono kuizuia ya kwanza amejiziba macho kwa glavu zake mwenyewe. Aliyerudi hatua moja mara nyingi bado hajatulia miguuni. Ya pili humkuta katikati ya jambo lingine, na kwa hiyo huwa na uzito kuliko ya kwanza hata kama imepigwa kwa nguvu ile ile.

Ya tatu inaweza kubadilisha mahali: badala ya uso, iende tumboni au kifuani. Akishusha mikono kulinda tumbo, uso umebaki wazi kwa mkono wa kulia. Ngumi nzito ambayo kijana aliiota tangu siku ya kwanza hupata nafasi yake hapa.

Siri kubwa ni kutozipiga zote kwa mwendo mmoja. Jabu tatu zenye kasi sawa ni kama ngoma yenye mdundo mmoja. Baada ya muda mpinzani huuzoea na kuusubiri. Makocha hufundisha kubadilisha: nyepesi kisha nzito, mbili za haraka, kituo kifupi, kisha ya tatu, au ya kwanza ya kudanganya tu, isiyofika, na ya pili ya kweli.

Miguu nayo haiachwi nyuma. Kila jabu huenda na hatua ndogo ya mguu wa mbele, na mguu wa nyuma hufuata. Anayepiga tatu huku miguu imesimama atajikuta ameinama mbele, uzito wote umemtoka, na pigo dogo tu litamyumbisha.

Kosa lililomponza Joe Louis

Kurudia jabu kuna hatari yake, na mfano wake maarufu ni wa Juni 19, 1936 mjini New York. Joe Louis, kijana ambaye hakuwa amewahi kushindwa katika ndondi za kulipwa, alipigwa na Mjerumani Max Schmeling na kuangushwa raundi ya 12. Kabla ya pambano, Schmeling alikuwa ameona jambo moja: Louis akishapiga jabu, mkono wake wa kushoto ulikuwa unarudi chini badala ya kurudi shavuni. Kila uliposhuka, mkono wa kulia wa Schmeling ulipita juu yake.

Louis alirekebisha. Walipokutana tena Juni 22, 1938, alimmaliza Schmeling katika raundi ya kwanza.

Kosa hilo bado linaonekana leo kwenye mazoezi mengi. Kadiri jabu zinavyoongezeka ndivyo mkono unavyochoka na kushuka. Kanuni ni fupi: mkono urudi kwa njia ile ile uliyoendea, bega lipande kulinda kidevu, mkono wa pili usitoke shavuni, na kichwa kisibaki mahali kilipokuwa.

Mji wenye mazoezi yake

Bukavu ina kitu ambacho mabondia wa nchi nyingine husafiri kukitafuta. Ziwa Kivu liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,460, na kutoka ufukweni vilima hupanda juu zaidi. Kupanda mbio kutoka ziwani kuelekea Kadutu ni zoezi tosha la mapafu na mapaja. Kwenye mwinuko kama huo, anayerusha ngumi nzito mfululizo huishiwa pumzi mapema. Jabu haigharimu pumzi nyingi kiasi hicho.

Haigharimu fedha nyingi pia. Tangu mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23 Februari 2025, baada ya miaka mingi ya vita mkoani, kununua vifaa vya michezo si jambo la kwanza katika familia. Mazoezi ya jabu yanawezekana bila gunia la kupigia wala ulingo. Kamba ya nguo iliyofungwa usawa wa bega inatosha: bondia hupiga sambamba na kamba, na mkono ukishuka wakati wa kurudi, kamba humwonyesha. Mwenzake anaweza kumwekea kiganja na kukisogeza ili ajifunze kupima umbali.

Zoezi jingine ni raundi ya mkono mmoja. Wawili wanacheza dakika tatu wakiruhusiwa jabu peke yake, kwa nguvu ndogo. Kila sekunde sita mmoja anapiga mfululizo wa mbili au tatu. Kwa hesabu hiyo, raundi moja humpa mifululizo 30. Raundi tatu kwa siku, siku nne kwa wiki, ni mifululizo 360.

Upande wa kaskazini wa ziwa, mjini Goma, kocha anayejulikana kama Kibomango, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtoto mwanajeshi, alipata sifa kwa kuwakusanya vijana kwenye ndondi, wakiwemo waliotoka kwenye makundi yenye silaha. Kijana wa namna hiyo hahitaji kufundishwa hasira. Anachohitaji ni mchezo unaomfundisha kusubiri, kutazama na kupima.

Kichwa kwanza

Katika ndondi za ridhaa pambano ni raundi tatu za dakika tatu, na majaji watano hutoa pointi. Katika dakika tisa, anayesubiri ngumi moja ya ajabu anaweza kusubiri mpaka kengele ya mwisho. Mwaka 1968, kwenye Olimpiki ya Mexico, Mkenya Philip Waruinge alipata medali ya shaba tu, lakini ndiye aliyepewa Kombe la Val Barker, linalotolewa kwa bondia mwenye ufundi bora wa mashindano. Ufundi huonekana hata pale dhahabu isipopatikana.

Jambo zito zaidi ni afya. Kila jabu inayomweka mpinzani mbali ni ngumi moja ambayo kichwa hakikuipokea. Kwa klabu isiyo na daktari kando ya ulingo, hilo lina maana kubwa. Kijana akipigwa kisha akalalamika kichwa kinauma, akahisi kizunguzungu, akatapika au akasahau kilichotokea, mazoezi yake yanakoma siku hiyo, na hapaswi kurudi kupigana kabla ya kupona kabisa na kuonwa na mhudumu wa afya. Pigo la pili kwenye ubongo ambao haujapona linaweza kuua.

Mwishoni mwa Julai 2024, kwenye Olimpiki ya Paris, bondia wa Congo Marcelat Sakobi alishindwa kwa pointi na Sitora Turdibekova wa Uzbekistan. Kabla ya kushuka ulingoni aliziba mdomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kichwani kama bastola, ishara ya kuikumbusha dunia mauaji ya mashariki mwa Congo. Alikuwa amepigana raundi zote tatu na alisimama kwa miguu yake mwenyewe kufanya hivyo.

Huenda bondia atakayefuata akatoka Kadutu au Bagira. Kwa sasa kazi yake ni kunyoosha mkono wa kushoto, kuurudisha shavuni, na kuunyoosha tena.