Mwili wa Msafiri wa Pikipiki katika Milima ya Gusii

Kaunti za Kisii na Nyamira, yaani nchi ya Gusii, zimekaa juu ya nyanda za milima zinazoinuka kutoka Ziwa Victoria, ambalo uso wake uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hadi mji wa Kisii ulio karibu mita 1,700, na hatimaye vilima vya upande wa Keroka na Kiabonyoru vinavyofikia mita 2,000 na zaidi. Katika nchi hiyo yenye watu wengi na barabara nyembamba zinazopanda na kushuka kati ya migomba na mashamba ya chai, pikipiki ni chombo cha kazi kabla ya kuwa chombo cha starehe, na bodaboda hufika mahali ambapo matatu haiwezi kupita. Hata hivyo wapo wamiliki ambao, siku za mapumziko, hukusanyika marafiki wanne au watano wakashika njia ya Oyugis na Ahero kwenda Kisumu, au wakateremkia Migori hadi mpakani Isebania, au wakakata mwendo mrefu zaidi wa Keroka, Sotik, Bomet, Narok na Mai Mahiu hadi Nairobi, unaopita kilomita 300. Maandalizi ya safari kama hiyo kwa kawaida huishia kwenye chombo: oili hubadilishwa, cheni hukazwa, tairi hupimwa upepo. Mwili haukaguliwi, ilhali ndio unaotangulia kuchoka.

Wataalamu wa fiziolojia, yaani elimu ya utendaji wa mwili, hupima juhudi kwa kipimo kiitwacho MET, ambapo MET moja ni nishati anayotumia mtu aliyekaa kimya. Katika orodha ya shughuli za kimwili iliyotolewa upya na watafiti wa Marekani mwaka 2011, kuendesha pikipiki kumepewa MET 3.5, sawa na kutembea kwa hatua za haraka kiasi mahali tambarare, na kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni takriban kilokalori 245 kwa saa. Kiasi hicho ni kidogo, na ndicho kinachowapotosha wengi, kwa sababu uchovu wa pikipiki hautokani hasa na wingi wa nishati bali na namna misuli inavyofanya kazi. Misuli ya mtembeaji hujikaza na kujilegeza kwa zamu, na kwa kufanya hivyo huisukuma damu. Misuli ya mwendesha pikipiki, hasa ya shingo, mabega, mgongo wa chini na mkono kati ya kiwiko na kiganja, hukaa imekazwa dakika nyingi bila kuachiwa, hali inayoitwa mkazo tuli, na msuli uliokazwa hivyo huibana mishipa midogo ya damu iliyomo ndani yake, ukapungukiwa oksijeni wakati ule ule unapoihitaji. Katika miteremko ya Gusii, ambako mkono mmoja uko kwenye klachi na mwingine kwenye breki kona baada ya kona, ganzi ya vidole huanza mapema, na vidole vyenye ganzi huchelewa kushika breki.

Mtikisiko huongeza uzito wa tatizo hilo, nao ni wa aina mbili. Wa kwanza hutoka kwenye injini: injini ya silinda moja inayozunguka mara 6,000 kwa dakika hutikisa mikono ya usukani mara 100 kwa sekunde, au hezi 100, kasi ambayo haiufikii mgongo bali huishia mikononi, ambako kwa watu wanaoshika mashine za kutikisika miaka mingi huweza kuharibu mishipa ya damu na neva mpaka vidole vikageuka vyeupe penye baridi. Kadiri usukani unavyokamatwa kwa nguvu ndivyo mtikisiko unavyopenya zaidi, kwa hiyo mwendeshaji mwoga, anayeung'ang'ania usukani kana kwamba utamponyoka, hujiumiza mara mbili.

Mtikisiko wa aina ya pili hutoka barabarani. Kila kitu kina kasi yake ya asili ya kutikisika, na kikisukumwa kwa kasi hiyo hiyo huyumba kwa nguvu kuliko kawaida, jambo ambalo wanafizikia huliita rezonansi. Kwa uti wa mgongo wa mtu aliyeketi kasi hiyo iko karibu na hezi 4 hadi 6. Sasa barabara ya murramu iliyokauka hufanya vijimatuta vinavyofuatana, na tukichukua kwamba kimoja kiko sentimita 70 kutoka kwa kingine, pikipiki inayokwenda kilomita 15 kwa saa hugonga karibu sita kila sekunde, yaani kasi ile ile inayouchosha mgongo zaidi, na ikienda kilomita 40 kwa saa hugonga kumi na sita. Hapo ndipo wengi huvutwa kuongeza mwendo ili njia ionekane laini, na kwa mgongo peke yake hesabu yao si mbaya, lakini tairi linaloruka kutoka kilele hadi kilele hugusa ardhi kwa muda mfupi mno, na tairi lisilogusa ardhi halina breki wala kona. Njia iliyo bora ni kuinuka kidogo kutoka kwenye kiti na kusimama juu ya vikanyagio, magoti yakiwa yamekunjwa, ili miguu ipokee mishtuko badala ya uti wa mgongo. Kufanya hivyo kwa nusu saa kunataka mapaja yaliyozoezwa.

Hali ya hewa ya Gusii ni somo la peke yake. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo anayetoka Kisumu hadi Keroka hupoteza nyuzi tano au sita bila saa kubadilika. Upepo wa mwendo huongeza baridi hiyo: kwa kanuni inayotumiwa Kanada na Marekani tangu 2001, hewa ya nyuzi 10, kama ilivyo Limuru, karibu na Nairobi, asubuhi nyingi za mwezi Julai, huhisiwa na ngozi ya mwendeshaji wa kilomita 80 kwa saa kama nyuzi 4. Injini nayo huhisi mwinuko, kwa kuwa kwenye mita 2,000 shinikizo la hewa ni takriban asilimia 80 tu ya lile la Mombasa, na oksijeni ya kuchomea petroli hupungua kwa uwiano huo huo, jambo linaloeleza kwa nini pikipiki ndogo yenye abiria na mzigo hulalamika mlimani.

Kubwa zaidi ni radi. Mchana jua huipasha nchi kavu moto haraka kuliko maji, hewa ya ziwani yenye unyevu huvuma kuelekea milimani, na ikisukumwa juu na miinuko ya Gusii hupoa na kujenga mawingu marefu ambayo huanguka alasiri kama mvua kubwa, mara nyingine ya mawe. Watu wengi huamini kwamba tairi za mpira humkinga mpanda pikipiki na radi. Imani hiyo ni ya hatari, kwa sababu umeme uliokwisha kuruka kilomita kadhaa hewani hauzuiwi na mpira wa unene wa sentimita chache. Aliye ndani ya gari hukingwa na bati linalomzunguka, ambalo huupitisha umeme kando yake hadi ardhini, na pikipiki haina bati la namna hiyo. Mahali pa kukimbilia ni ndani ya nyumba au gari lililofungwa, kamwe si chini ya mikaratusi iliyopandwa kando ya barabara. Na hata radi ikikoma, udongo mwekundu wa mfinyanzi kwenye njia za ndani hubaki ukiteleza.

Kelele huzungumzwa kidogo kuliko inavyostahili. Kwenye barabara kuu sauti ya upepo ndani ya kofia ngumu huishinda ya injini na huweza kupita desibeli 90. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, huruhusu desibeli 85 kwa saa nane na kupunguza muda nusu kwa kila nyongeza ya desibeli tatu, hivyo desibeli 94 zina saa moja tu. Vizibo vya sponji vya masikio ni vya bei ndogo, tena hupunguza uchovu.

Ubongo nao una hesabu zake. Mwaka 2021 jarida la Brain Research lilichapisha utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ulioonyesha kwamba dakika 20 za kuendesha pikipiki ziliongeza mapigo ya moyo kwa asilimia 11 na adrenalini kwa asilimia 27, huku kipimo kimoja cha homoni za msongo kikishuka kwa asilimia 28. Matokeo hayo yanapendeza, ila msomaji anapaswa kujua kwamba utafiti uligharimiwa na kampuni ya pikipiki ya Harley-Davidson, na kwamba dakika 20 hazisemi lolote kuhusu saa ya saba ya safari. Kuhusu saa hiyo, utafiti mdogo wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, wa mwaka 2015, una uzito zaidi: madereva walionyimwa maji ya kutosha walifanya makosa zaidi ya mara mbili kuliko walipokunywa vizuri. Kati ya Narok na Mai Mahiu, ambako hewa ni kavu, jasho hukauka kabla halijaonekana, na kiu hufika kwa kuchelewa.

Kusafiri kwa kundi kuna faida ya wazi ya kusaidiana, lakini kundi lina fizikia yake. Wa kwanza akipunguza mwendo kidogo, wa pili huchelewa kutambua na hulazimika kupunguza zaidi, wa tatu zaidi tena, mpaka wa mwisho hukaribia kusimama na baadaye hukimbiza wenzake kwa kasi ambayo kiongozi hakuifikia. Kwa hiyo asiye na uzoefu awekwe wa pili, mwenye uzoefu mkubwa abaki nyuma, na kila mmoja aache nafasi ya sekunde mbili, ambayo kwa kilomita 80 kwa saa ni mita 44.

Gusii si ngeni katika ustahimilivu. Mwanariadha wake Nyandika Maiyoro alikimbia Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, na mwenzake Naftali Temu aliipatia Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki, katika mita 10,000, mwaka 1968 mjini Mexico City, ulio juu kuliko Keroka. Aliyekulia kwenye miinuko hiyo ana moyo na mapafu mazuri, lakini mwili huimarika katika lile unalolifanya, na kukimbia hakufundishi shingo wala viganja. Kupanda kilima cha Manga mara kwa mara kufuatane na kubeba madumu ya maji kwa mikono miwili, kuchuchumaa na kubaki hapo, na kulala kifudifudi mwili ukiinuliwa kwa viwiko na vidole vya miguu, kwa muda wa wiki kadhaa kabla ya safari.

Hakuna zoezi linaloondoa haja ya kofia ngumu, ambayo mapitio ya tafiti yaliyotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kwamba hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Wala hakuna zoezi linaloshinda usingizi. Watafiti Dawson na Reid walionyesha katika jarida la Nature mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, na hiyo ndiyo hali ya aliyeamka saa tisa usiku ambaye saa mbili za usiku bado yuko barabarani. Marafiki wanaorudi Gusii kutoka Nairobi, wakifika Narok jua likiwa limeinama, na walale hapo, wamalizie njia kesho yake asubuhi kabla ya mvua ya alasiri.